Cinderella Angekatazwa Mlangoni

Katika bustani za starehe za Disney huko Marekani kuna saluni ya watoto iitwayo Bibbidi Bobbidi Boutique. Ya kwanza ilifunguliwa Florida mwaka 2006, na jina lake limetokana na maneno ya kichawi ya filamu ya Cinderella ya mwaka 1950. Mtoto huketi kitini, akatengenezwa nywele, akapakwa rangi usoni na kwenye kucha. Mzazi mwenye fedha zaidi humnunulia na gauni la binti mfalme. Sharti ni kwamba awe na umri wa miaka 3 hadi 12. Wa miaka 13 hana kiti.

Sharti hilo nalitazama kwa jicho la shangazi. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka watoto wa kaka yangu kwenye tamasha dogo la watoto hapa kwetu. Palikuwa na meza ya kuwapaka watoto rangi na kuwavika mataji ya karatasi. Mdogo, wa miaka 8, alipakwa. Mkubwa, aliyetimiza miaka 13 wiki ile ile, aliambiwa, "Wewe umeshakuwa dada mkubwa." Alicheka, akasema hata hivyo hakutaka. Lakini njiani alikaa dirishani kimya, na tangu siku ile sikumwona tena akijifunga kanga ya mama yake kichwani na kujiita malkia.

Sisemi kwamba mipaka yote ni mibaya. Huo wa chini naukubali: mtoto wa miaka 2 hana haja ya rangi ya mdomo. Hata huo wa juu una utetezi wake. Viti ni vichache, na kama milango ingeachwa wazi, watu wazima wangejaa na watoto wangebaki kwenye foleni.

Ila sheria njema haina budi kupatana na jirani zake. Bustani hizo za Florida huwakataza wageni wenye miaka 14 na zaidi kuvaa mavazi ya kuigiza katika siku za kawaida. Sababu yaeleweka: mtoto mdogo asije akamdhania mgeni kuwa ndiye binti mfalme wa bustani. Basi msichana wa miaka 13 anaruhusiwa kuingia getini akiwa amevaa gauni la Cinderella alilotoka nalo nyumbani, lakini haruhusiwi kutengenezwa nywele zinazolifaa gauni hilo. Huo ni utoto wa aina gani, unaotambuliwa getini na kukanushwa saluni?

Tena kulikuwa na The Pirates League, iliyofunguliwa Florida mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2020. Pale yeyote mwenye miaka 3 na zaidi, hata baba mwenye mvi, aliweza kupakwa rangi na kufungwa kilemba cha haramia. Mwanamume mzima akicheza uharamia, ni furaha ya familia. Msichana wa miaka 13 akicheza ubinti mfalme, amechelewa.

Na Cinderella mwenyewe je? Katika hadithi yake si mtoto. Ni mwari wa kuolewa, na mwana wa mfalme anatafuta mke. Angefika kwenye saluni iliyobeba maneno ya bahati yake, angekatazwa mlangoni.

Huku kwetu pwani, msichana anapovuka utoto hukabidhiwa kwa somo, mwanamke anayemjua na kumpenda, akamfunda na kumpamba. Taratibu hizo nazo zina kasoro zake, na baadhi nisingependa zirudi. Lakini zilijua jambo moja: mtoto akifungiwa mlango wa utoto, pawepo mtu wa kumshika mkono upande wa pili. Kibao cha umri hakina mkono.

Ombi langu ni dogo. Kama getini utoto unafika miaka 13, na saluni ufike huko huko. Mwaka mmoja ni mdogo kwa mwenye duka. Kwa msichana anayesema hakutaka, huku macho yake yako kwenye taji la mdogo wake, ni mwaka mkubwa sana.