Liyongo Hahitaji Kupanda Levo

Chukua gemu tano za mapigano za miaka kumi iliyopita, zile ambazo mhusika wako hukua kadiri unavyocheza. Zima sauti, sahau majina, angalia mikono ya mchezaji tu. Utaona kazi ile ile: unampiga adui, anaanguka, anaacha kitu, unaokota, unafungua menyu, unajiongezea nguvu, unarudi kumtafuta adui mkubwa zaidi. Wenyewe huziita ARPG kwa kifupi. Mimi naziita gemu za kupanda levo, kwa sababu ndicho unachofanya humo kutwa kucha.

Asili yake inajulikana. Diablo, ya mwisho wa 1996, ilianza kuundwa kama gemu ya zamu: wewe ukicheza, adui anasubiri. Watengenezaji wakaondoa zamu, na hapo kila kubofya kukawa pigo. Diablo II ya 2000 ikakoleza uroho wa nyara, kila kitu na rangi ya thamani yake. Dark Souls ya 2011 ikaja na lake: ukifa unaacha ulichokusanya pale pale ulipoangukia, na ukipumzika kando ya moto, maadui karibu wote uliowaua wanafufuka. Hilo lilikuwa wazo la kweli, na lilitisha. Kisha kila mtu akalimega kipande. Nioh ilikipeleka kwa samurai wa Japani mwaka 2017. Lies of P kutoka Korea Kusini ikamvika Pinocchio mwaka 2023. Black Myth: Wukong ya China, mwaka 2024, ikakitia ndani ya hadithi ya mfalme wa nyani. Hata Assassin's Creed, iliyokuwa gemu ya kunyemelea na kuchoma kisu, iligeuka na Origins mwaka 2017. Adui akapewa namba ya levo, na ukimvamia mwenye namba kubwa kuliko yako, kisu chako cha siri kinamjeruhi tu, naye anakugeukia.

Sasa, kuna jibu la haraka kwa lalamiko hili, na ni jibu zuri. Kuiga umbo si dhambi. Utenzi una vipande vinne kwa kila ubeti, mizani minane kwa kila kipande, na kina cha mwisho kinachofunga shairi zima. Washairi wa Lamu na Pate wameshikilia umbo hilo kwa karne nyingi, na hakuna aliyewaambia wanarudia. Kwa nini basi mtengeneza gemu alaumiwe kwa kutumia chombo alichokikuta?

Tofauti ni kwamba umbo la utenzi halikuamulii utasema nini. Ndani ya mizani minane unaweza kuomboleza, kumuusia binti, au kusimulia vita. Umbo la kupanda levo lenyewe linasema, na halina ila neno moja: nguvu huja kwa kuua, na nguvu ikizidi, shida huisha. Ukilivisha vazi la Japani litasema hivyo. Ukilivisha vitenge litasema hivyo hivyo.

Hapa ndipo linapotugusa sisi. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, kazi ya Kiro'o Games ya Kameruni, ilitoka mwaka 2016. Ni ARPG hasa. Mwana mfalme Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake na anazunguka dunia na mkewe Erine kutafuta njia ya kurudi. Kuna mawazo humo: mke na mume wanapigana pamoja, na nguvu yao inatoka kwa urithi wa waliowatangulia. Lakini mapigano yenyewe, ukiyacheza, unayajua. Umeyacheza katika gemu za Kijapani kabla hujafika Zama, nchi ya Enzo.

Mfano unaouma zaidi ni Tales of Kenzera: ZAU, ya Aprili 2024. Iliongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule yule aliyemtolea sauti Bayek katika Origins. Aliitengeneza kutokana na kifo cha baba yake. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili, na kwa mtu aliyezoea kusikia gemu zikiongea Kiingereza cha Marekani, maze, hilo peke yake linasimamisha nywele. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kutaka arudishiwe baba. Masharti ni kwamba akamate mizimu mitatu mikubwa.

Kenzera si ARPG kamili. Ni gemu ya kuruka na kupekua ramani. Lakini imeazima pointi na mti wa ujuzi, na mkopo huo ndio unaoisaliti. Hadithi inamfundisha Zau kwamba kifo hakipiganiki. Vidole vyako vinafundishwa kinyume: piga, kusanya, imarika. Sehemu bora zaidi ni pale Zau anapoketi chini ya mbuyu na kuzungumza na Kalunga juu ya baba yake. Hakuna adui. Kuna watu wawili na maneno. Halafu ukimaliza kuketi, gemu inakuongezea kipimo cha uhai. Yaani hata kuomboleza kumegeuzwa malipo. Nilitamani nibaki chini ya ule mti bila kupewa chochote.

Simlaumu Salim sana. Mwaka huo huo studio yake ilipunguza wafanyakazi na kubaki ikitafuta mfadhili wa gemu iliyofuata. Mwenye pesa huuliza kwanza: inafanana na nini? Ukijibu "haifanani na kitu", anafunga mkoba. Kwa hiyo unasema ni kama fulani, ila ya Kiafrika. Na ukishasema hivyo, umeshaahidi kuiga. Biashara hii inanunua barakoa mpya, mradi uso ulio nyuma yake ni ule ule.

Lakini sisi wa huku tuna sababu moja ya ziada ya kukataa umbo hili. Halikutengenezwa kwa maisha yetu. Linamfikiria mtu mmoja, chumbani kwake, mwenye mashine yake na saa sitini za kutumia. Kwa wengi Ruiru, gemu bado ni kibanda cha PS. Unalipia mechi au unalipia saa, na nyuma yako benchi limejaa wanaosubiri zamu na kutoa ushauri usioombwa. Ndiyo maana mpira unatawala pale, na gemu za ngumi. Zinaisha, na anayetazama anaelewa. Nani ataanza safari ya saa sitini mahali ambapo kesho mwingine atafuta alama uliyoacha? Gemu za kupanda levo wengi wetu tunazijua kwa kumtazama mtu mwingine akizicheza kwenye simu.

Watengenezaji wetu huliona hilo benchi kama upungufu, kitu cha kukua na kukiacha. Mimi naona ndipo gemu isiyo ya kuiga inaweza kuanzia. Na hadithi ya kuifanyia tunayo.

Nina hakika siku moja mtu atatengeneza gemu ya Fumo Liyongo, na nina hofu nayo. Naiona kabisa: Liyongo anaanza levo ya kwanza na upinde mbovu, anaua askari wa Pate mia mbili, anaboresha upinde, na bosi wa mwisho ni Sultani.

Sasa itazame hadithi yenyewe, kama ilivyo katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo hakui. Ana nguvu kuliko watu wote tangu mwanzo, na nguvu hiyo haimtoi gerezani. Kinachomtoa ni wimbo. Anamwimbia kijakazi Saada ujumbe wa kumpelekea mama: oka mkate wa makapi, ndani yake utie tupa. Walinzi wanasikia kila neno na hawaelewi. Chakula kizuri wanakula wao, ule mkate wa makapi wanamwachia mfungwa. Kisha anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata pingu.

Na kifo chake? Anauawa na mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia siri hiyo. Alipoulizwa alishuku, na bado akasema. Kisha anakwenda kisimani, anapiga goti, anafia pale na upinde mkononi, na mji mzima unakosa maji kwa kumwogopa maiti.

Hakuna pointi humo. Kuna swali moja tu: nani asikie, na nani aelewe? Hebu fikiria gemu iliyojengwa juu ya swali hilo, ichezwe kibandani. Mmoja ni Liyongo, mmoja ni Saada, mmoja ni mlinzi, wote mbele ya skrini moja na benchi zima likisikiliza. Lazima uimbe kitu ambacho kila mtu atakisikia na mtu mmoja tu atakielewa. Kisha mtoto anakuuliza siri yako, na gemu haikuambii ujibu nini. Inaisha kwa nusu saa. Haihitaji kuhifadhiwa. Na ukirudi kesho, wale waliokuwa benchini wanakumbuka ulimwamini nani.

Zetech iko hapa hapa Ruiru, JKUAT iko Juja, na humo wamo wanafunzi wanaojua kuandika programu vizuri kabisa. Kwao nina ombi dogo. Kabla hujachora mti wa ujuzi, uliza mchezaji wako atafanya nini kwa mikono yake. Kama jibu ni kupiga na kuokota, mwache Liyongo apumzike kisimani kwake.