Msumari wa Paja: Jinsi Chuma Kinavyofungwa Ndani ya Mfupa Bila Skrini ya Eksirei

Cheptiret ni kituo cha njia panda. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret inapita kando ya maduka, na hapo ndipo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi wanaposhuka matatu na kupanda bodaboda kuelekea Kesses. Pikipiki ikigongwa na lori, miguu ya abiria haina kinga yoyote. Hospitali kuu ya rufaa iliyo karibu ni ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa na vitanda 60.

Paja likivunjika, zaidi ya lita moja ya damu inaweza kuvujia ndani ya misuli bila tone kuonekana nje. Misuli hiyo hukaza, ikavuta vipande vya mfupa hadi vipishane, na mguu ukafupika. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kuuvuta mguu kwa kamba na uzito, mgonjwa akilala chali wiki 6 hadi 12. Mfupa uliweza kuunga, lakini mgonjwa angetoka na vidonda vya kulalia, goti lililokakamaa au mguu uliounga kombo. Damu iliyoganda mguuni ingeweza kupanda hadi mapafuni na kumuua.

Njia nyingine ni kuuimarisha mfupa kutoka ndani. Gerhard Küntscher wa Kiel, Ujerumani, alianza kupitisha msumari wa chuma ndani ya mfereji wa uboho mwaka 1939. Baadaye zikaongezwa skrubu za kuufunga msumari juu na chini ya mvunjiko, ili mguu usifupike wala kujizungusha. Ugumu ukawa kuyapata matundu ya skrubu yaliyojificha mfupani. Hospitali tajiri hutumia eksirei inayoonyesha mfupa kwenye skrini wakati wa upasuaji; nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa nayo.

Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa Richland, jimbo la Washington, Marekani, aliyewahi kuhudumu katika vita vya Vietnam, alilitatua hilo kwa vifaa vya mkono. Mwaka 1999 alianzisha shirika la SIGN, ambalo misumari yake imetumika Kenya na Tanzania.

Upasuaji wenyewe ni kazi ya mkono hasa. Daktari hupasua kwenye nyonga au goti, akaingiza kekee yenye mpini wa herufi T, akiizungusha taratibu huku kiganja kikihisi inapoanza kukwaruza mfupa mgumu. Mara nyingi hufungua penye mvunjiko ili avipange vipande akiviona. Msumari, ambao ni chuma kizima wala si bomba, huingizwa ukiwa umeshikiliwa na mkono wa chuma unaobaki nje ya mguu. Matundu ya mkono huo hulingana na ya msumari. Baada ya kutoboa mfupa, daktari hupenyeza kijiti cha chuma na kukizungusha: msumari ukitikisika, tundu limepatikana. Skrubu hufuata.

Siku chache baadaye wagonjwa wengi husimama kwa magongo.

Hata hivyo chuma hakimalizi kila kitu. Mwaka 2020 Billy Haonga na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wagonjwa 240 waliovunjika muundi wakiwa na jeraha la wazi penye mvunjiko. Wengine walifungwa msumari, wengine vyuma vya nje. Baada ya mwaka mmoja, vifo na kurudiwa upasuaji kwa sababu ya maambukizi au mfupa kutounga vizuri havikutofautiana kitakwimu kati ya makundi hayo. Kwenye jeraha la wazi, dawa za kuua bakteria zitolewe mapema na kidonda kisafishwe vyema, chuma chochote kitakachochaguliwa.

Ufuatiliaji nao una mbinu yake. Mgonjwa hupigwa picha akichuchumaa na kutabasamu: akishuka vizuri bila uso kukunjamana, hiyo ni dalili kwamba mfupa unaunga na goti limelegea.

Kabla ya kufika hospitali, jamaa wa majeruhi wasiuvute wala kuukanda mguu uliovunjika. Waufunge pamoja na ule mzima, wafunike jeraha kwa kitambaa safi na kuwahi hospitali. Aliyefungwa chuma naye arudi kliniki tarehe aliyopewa, hata kama anatembea, na asisubiri tarehe hiyo akiona usaha, homa au maumivu yanayozidi.