Mtunga Kamusi na Kitenzi "Break Down"
Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inaachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Kwenye mji wa namna hiyo dereva haishii kusema gari limeharibika. Atakwambia limechemsha, limekata ekseli au limepasua tairi. Mwingereza huyabeba yote hayo kwa "break down", na madereva wetu wamelichukua neno hilo kuliita gari linalokuja kuvuta bovu.

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika kata ya Mahongole, hapohapo Makambako, hukutana na neno hilohilo darasani. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, na nyumbani huenda wanazungumza Kibena. Sasa kitabu cha biolojia kinamwambia kwamba tumbo "breaks down" chakula. Cha historia kinasema mazungumzo ya amani "broke down". Kwenye masomo ya biashara kuna "breakdown" ya gharama, na katika hadithi mama mfiwa "broke down" mbele ya wageni. Akishika maana moja tu, ya kuvunja, ataelewa sentensi moja na kupotea katika tatu.

Hapo ndipo ninapomheshimu mtunga kamusi. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza London mwaka 1755, alieleza katika utangulizi kwamba vitenzi vinavyofuatwa na vijineno kama "off", "out" na "in" humtesa mgeni kuliko karibu kitu kingine chochote katika lugha hiyo, kwa hiyo alivikusanya kwa uangalifu wa pekee. Kitenzi "take" peke yake alikigawa katika matumizi 134. Baadaye wenzake wa kamusi ya Oxford, chini ya James Murray tangu 1879, walipokea vikaratasi kwa mamilioni, kila kimoja kikiwa na sentensi iliyonakiliwa kutoka maandishi halisi. Walivisoma, wakavitenga mafungu kama mtu anayechagua maharage kwenye ungo, wakavichanganya na kuanza upya pale maana mbili zilipokaribiana mno. Toleo la kwanza lilikamilika 1928, Murray akiwa amefariki miaka 13 kabla.

Kazi hiyo ndiyo iliyofukua asili ya "break down". "Down" ya leo imetokana na usemi wa Kiingereza cha kale uliomaanisha "kutoka kilimani". Mtu wa nyanda za juu za Njombe, anayepanda na kushuka kila siku, hahitaji kuelezwa zaidi. Kwanza "break down" ilihusu kuta na milango, vitu vinavyobomolewa vikaanguka chini. Mashine na magari yalikuja baadaye sana. Mwenye kuujua mpangilio huo anaona jinsi maana moja ilivyozaa nyingine: ukuta unaanguka, mashine inakwama, mtu anashindwa kujizuia.

Lakini fundi ninayemstaajabia zaidi ni yule anayevusha maana hizo hadi Kiswahili. Njia hiyo ilianza zamani. A. C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiingereza–Kiswahili mwaka 1894, kamusi za Frederick Johnson zikafuata 1939, na TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatoa yake 1996. Ugumu ni kwamba Kiswahili hakina haja ya kijineno cha pembeni. Kinafanya kazi ndani ya kitenzi chenyewe: vunja, vunjika, vunjia, vunjisha. Kwa hiyo "down" haina mahali pa kukaa, na fundi lazima aiache.

Analoliuliza kwanza ni hili: nani au nini kinachotendewa? Kikiwa chakula, tunasema kinameng'enywa. Zikiwa gharama, ofisi zetu zina mchanganuo. Mazungumzo huvunjika, na hapo lugha mbili zinakutana vizuri. Mfiwa yule uzalendo ulimshinda, akaangua kilio. Mlango unavunjwa tu, basi. Kisha anatazama mambo madogo ambayo mwenye haraka huyaruka. Kijineno kinaweza kuhamia nyuma ya mlango, "break the door down", na ukitumia kiwakilishi lazima kihame: "break it down". Nomino huandikwa neno moja na mkazo hupanda mbele, wakati kitenzi ni maneno mawili na mkazo huenda mwishoni. Kitomeo kizuri, yaani maelezo ya neno moja katika kamusi, kinayaonyesha haya kwa mifano mifupi, bila hotuba.

Kitomeo kama hicho kinaweza kula siku nyingi za watu wazima waliosoma, wakibishana iwapo "kuharibika" na "kukwama" vinastahili mstari mmoja au miwili. Naamini ubishi huo ni katika kazi za heshima kabisa zinazofanywa kwa Kiswahili, nao unamfaa hasa mtoto asiye na wa kumuuliza jioni.

Kama una kamusi ya Kiingereza–Kiswahili inayokusanya vumbi nyumbani, ipeleke sekondari ya kata iliyo karibu nawe. Na ukimkabidhi mwanafunzi, mwambie akisome kitomeo mpaka mwisho, asiishie kwenye maana ya kwanza.