Nani Mwanamapokeo? Pink Floyd, Sex Pistols na Ubishi Wetu

Wapenzi wa muziki wa roki hapa chuoni si wengi, lakini ubishi wao unatosha mabweni matatu. Mada haibadiliki sana: ipi ni albamu bora, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973) au Never Mind the Bollocks ya Sex Pistols (1977)? Nyuma ya swali hilo kuna jingine kubwa zaidi, yaani ni mtindo upi wenye haki ya kuitwa roki, progresivu au panki. Katika makala haya sikusudii kuwapatanisha wabishi. Ninachotaka ni kuchunguza hoja moja ambayo sisi wanafunzi wa fasihi ndio tuliyoiingiza katika ubishi huu, na ambayo naona imesimamishwa kichwa chini, miguu juu.

Hoja yenyewe ni hii: eti Pink Floyd ni wanamapokeo na Sex Pistols ni wanamabadiliko. Anayeitoa hukumbusha mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970. Upande mmoja wapo waliosimama na vina na mizani, kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954 kikiwa mkononi kama msahafu. Upande wa pili yupo Kezilahabi na Kichomi yake ya 1974, ambayo ilivitupa vina na mizani na kuambiwa kwamba ni guni. Basi, anasema mbishi wetu, panki ndiyo Kichomi ya roki: vijana wasiojua kupiga vyombo walikuja wakavunja sheria za mabwana wakubwa. Ukilisema hilo kwenye vimbweta saa mbili za usiku unapigiwa makofi. Ulinganishi ni mtamu. Tatizo lake ni kwamba haustahimili kusikiliza albamu zenyewe.

Tuanze na fani. "Money", wimbo unaofungua upande wa pili wa santuri ya Pink Floyd, unahesabiwa kwa mapigo saba. Msikilizaji wa roki amezoea manne, kwa hiyo ukijaribu kuucheza unajikwaa. Roger Waters alikusanya milio ya sarafu, ya karatasi inayochanwa na ya mashine ya fedha ya dukani, vipande vya kanda vikapimwa na kuunganishwa ncha kwa ncha, na juu ya mzunguko huo bendi ikajenga wimbo mzima. Gitaa la David Gilmour linapochukua nafasi yake mapigo yanarudi kuwa manne, na unahisi kama umetoka kwenye barabara ya mashimo ukaingia ya lami. "Time" nayo inakuweka zaidi ya dakika mbili kabla hujasikia mtu anaimba: kwanza saa nyingi zinalia kwa mpigo mmoja (Alan Parsons, fundi mitambo, alizirekodi katika duka la saa za kale), halafu ngoma za Nick Mason zinadunda polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. "The Great Gig in the Sky" haina hata neno moja la kuimbwa. Ina sauti ya mwanamke inayolia, inayopanda, inayonyamaza, basi. Nyimbo zimeshonwa pamoja kiasi kwamba hujui kushona kumeanzia wapi, na mapigo ya moyo yaliyofungua albamu ndiyo yanayoifunga. Hebu niambie, ndugu msomaji, huyu ndiye mwanamapokeo? Kwa kipimo cha mizani, huyu ndiye mtunzi wa guni.

Sasa geuza. Sex Pistols wana mapigo manne, ubeti na kiitikio, ubeti na kiitikio, dakika tatu au nne, kwisha. Wimbo wa kwanza, "Holidays in the Sun", unaanza na vishindo vya miguu ya gwaride, na gwaride hilo haliachi mstari mpaka albamu inakwisha. Gitaa la Steve Jones ni mjukuu halali wa Chuck Berry. Glen Matlock amewahi kueleza kwamba mlio unaofungua "Pretty Vacant" ulimjia kutokana na "SOS" ya ABBA. ABBA, jamani! Nyimbo hizi zina urari kama tarbia, na mshika vina wetu yeyote angeona sheria zimetunzwa vizuri.

Na lile dai kwamba ni vijana walioingia studio, wakapiga kelele, wakatoka? Albamu hiyo ilitayarishwa na Chris Thomas pamoja na Bill Price. Thomas huyohuyo, miaka minne kabla, ndiye aliyeitwa kusimamia uchanganyaji wa sauti wa The Dark Side of the Moon. Ule ukuta wa gitaa unaotutetemesha ni Jones amejirekodi tabaka juu ya tabaka, na besi naye akaipiga sehemu kubwa kwa sababu Sid Vicious alikuwa haiwezi. Hapo pana ufundi wa studio usio mdogo kuliko wa akina Waters, ila umefichwa ili usikike kama hasira ya papo kwa papo. Mashabiki wa panki hupenda kutaja fulana ya Johnny Rotten, ile ya Pink Floyd aliyoiandika juu yake kwamba anawachukia. Mwenyewe miaka mingi baadaye alisema kwamba hakuwachukia hivyo. Mimi nashangaa tunavyoiamini fulana kuliko masikio.

Je, Sex Pistols hawakuleta jipya lolote? Wameleta, lakini halipo mahali tunapolitafuta. Lipo katika nani anasema na anamsema nani. Pink Floyd wanazungumzia fedha, wazimu, wakati na kifo kama mambo ya binadamu wote. Hakuna anayetajwa jina, na kila msikilizaji anaweza kuondoka akidhani asemwaye ni jirani. Sex Pistols wanataja. Wimbo wao wa mwisho unaitwa "EMI", jina la kampuni iliyotoa santuri yao ya kwanza mwaka 1976 na kuwafukuza Januari 1977. Baada ya hapo A&M iliwasajili mwezi Machi, ikawatema baada ya siku chache, ndipo wakaangukia Virgin. Na Pink Floyd walikuwa wapi mwaka ule wa 1973? Harvest, tawi la EMI hiyohiyo. Wenye "Money" walikuwa wanakula na tajiri, wenye "EMI" wakamtukana kwa jina lake. "God Save the Queen" ilitoka Mei 1977, wakati Uingereza inajiandaa kusherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth wa Pili, na BBC ikakataa kuipiga.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Nottingham. Novemba 1977 meneja wa duka la santuri alifikishwa mahakamani kwa sababu neno la mwisho katika jina la albamu lilionekana dirishani, na sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1889, inayohusu matangazo machafu. Wakili wa utetezi alikuwa John Mortimer, ambaye pia ni mwandishi. Akaletwa profesa wa Kiingereza wa chuo kikuu cha mji huo kueleza historia ya neno lenyewe tangu zama za kale. Mshtakiwa akaachiwa. Wale wanaotuuliza kila siku shahada ya lugha itatusaidia nini, wasikie hilo.

Lakini kutaja majina hakutoshi kuwa fasihi bora. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alitunyamazisha jioni moja tulipokuwa tunaisifia "Bodies", wimbo wa pili, unaohusu msichana na kutoa mimba. "Nyie kaka zangu mnasikia gitaa tu," alisema. "Sikilizeni nani anaongea." Ana haki. Nafsi katika wimbo huo inahamahama: mara msimuliaji anamsema msichana, mara ni kama kiumbe aliyetolewa anajitetea, mara huwezi kujua. Msichana peke yake ndiye hapewi zamu iliyo yake bila shaka. Wapo wanaoona kuhamahama huko ni ustadi, na kwa kiasi nakubali, maana kunamtia msikilizaji kichefuchefu kilichokusudiwa. Lakini albamu inayojigamba kusema kwa niaba ya walionyamazishwa, hapo imemsemea mtu juu ya kichwa chake.

Pink Floyd nao wana mwanamke wao. Sauti ile isiyo na maneno ni ya Clare Torry, aliyeitwa studio akaambiwa wimbo unahusu kifo, akabuni mwenyewe yote unayosikia. Alilipwa pauni 30. Mwaka 2004 alifungua mashtaka akidai haki ya utunzi, mwaka 2005 wakaelewana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake linaandikwa pamoja na la Richard Wright.

Kama mnanilazimisha kuchagua, kwa muundo mzima nachagua The Dark Side of the Moon. Naichagua kwa ujasiri wake wa fani, ule tuliowapa panki bila kuwauliza kama ni wao. Hata hivyo, mniruhusu kusikia katika albamu hii jambo ambalo watunzi hawakulitunga. Torry ndiye anayefunga upande wa kwanza. Sauti yake inafifia, unanyanyuka, unaigeuza santuri, unaweka sindano. Sarafu zinaanza kulia.