Mji au Makonde?

Kijana wa Tononoka atakaye kuyaona mambo ya kale hupelekwa Ngome ya Yesu. Huko huziona kuta nene zilizoanza kujengwa mwaka 1593, akarudi kwao akidhani kuwa historia ni kazi ya wenye mizinga. Dhana hiyo ni pungufu. Magofu ya Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, yatosha kuisahihisha, ingawa nayo yalipata kupimwa kwa kipimo kisichoyafaa.

Engaruka iko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na nyuma yake huinuka nyanda za Ngorongoro. Tangu karne ya 15 hivi mpaka ya 18 wakulima walikaa hapo, kisha wakahama. Mteremkoni waliacha sakafu za nyumba zao. Bondeni, makonde na mifereji. Yote ni mawe yaliyopangwa bila chokaa.

Louis Leakey alifika huko mwaka 1935. Katika taarifa yake ya mwaka 1936 alikisia kuwa palikaa watu 30,000 mpaka 40,000, akayaona magofu yale kuwa mji mkubwa. Nia yake haikuwa mbaya, kwani zama zile wageni wengi walikana ya kuwa Mwafrika aliwahi kujenga kitu cha kudumu. Lakini sifa isiyo na kipimo sahihi nayo ni upotovu. Hamo Sassoon, ambaye baadaye alikuwa mwangalizi wa Ngome yetu ya Mombasa, alichimba huko katika miaka ya 1960. Baada yake alikuja John Sutton. Uchunguzi wa baadaye uliipunguza sana hesabu ile, ukageuza macho kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye makonde.

Je, Engaruka imeshuka hadhi? La, hasha! Wakulima wale waliyaelekeza maji ya mto hata yakanywesha mtama katika nchi kavu. Walipanga mawe yakanasa udongo uliochukuliwa na maji, shamba likazaliwa penye changarawe. Kuyagawa maji kwataka sheria, na sheria yataka mapatano. Hayo si madogo kuliko kuta za ngome.

Basi, mwanafunzi, usimkweze mkulima kwa kumwita mtu wa mjini. Mpe heshima ya jembe lake.