Mzigo wa Muscat

Katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, hatua chache kutoka soko la Darajani, mzigo wa kwenda Muscat, Omani, huanza kushughulikiwa wiki nzima kabla ya ndege. Mwenye kazi hiyo ni mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa. Siku za mwanzo hagusi sanduku wala kopo. Anataja watu. Kuna mkwe asiyestahamili pilipili. Kuna kijana aliyezaliwa hukohuko, hajawahi kuuona mbuyu, na bado kila simu anaulizia ubuyu. Kuna shoga yake wa utotoni ambaye meno yamemwondoka, kashata haiwezi tena, basi huyo fungu lake ni halua. Akishamaliza watu ndipo anapochukua kikapu kwenda sokoni.

Achari ndiyo inayoanza, kwa kuwa ndiyo yenye makuu. Embe mbichi hukatwa vipande, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka vijikunje, kisha ndipo vinapokutana motoni na siki, thomu, haradali, uzile na pilipili ya unga. Inayoliwa nyumbani inaweza kupakuliwa siku hiyohiyo. Ya safari husubiri ipoe kabisa ndani ya sufuria, maana achari iliyotiwa chupani ingali na joto hutoa jasho chini ya kifuniko, na jasho hilo ndilo huleta ukungu. Bi Mkubwa huongeza mafuta hadi yavifunike vipande vyote. Hupangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa kikavu, huweka kipande cha nailoni, hukaza kifuniko juu yake, halafu chupa hulazwa ubavu juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa na doa, hata dogo la kucha, chupa hiyo haisafiri. Wangapi leo wana subira ya kusubiri gazeti?

Vileja vina adabu yake nyingine. Vimetengenezwa kwa unga wa mchele, samli, sukari na iliki, na huvunjika ukivitazama vibaya. Hupangwa wimawima ndani ya kopo la maziwa ya unga, safu kwa safu, na kila upenyo huzibwa kwa karatasi ili kopo likitikiswa lisitoe sauti. Karafuu na udi hukaa pembe ya mbali ya sanduku, vikiwa vimefungwa mara mbili, la sivyo kila kitu kitafika Muscat kina ladha ya karafuu, mpaka ubuyu.

Na halua. Kuna watakaouliza, halua ya Unguja ipelekwe Omani ya nini, nayo Omani ndiyo iliyoileta? Swali hilo huulizwa na asiyewahi kuila ya pande zote mbili. Wanga, sukari, samli, iliki, kungumanga na zafarani ni vilevile, na kule kama huku mpishi husimama kwa saa nyingi juu ya sufuria kubwa akikoroga bila kupumzisha mwiko. Lakini mtu aliyelelewa kwa halua ya Wete au ya Unguja anajua kwa tonge la kwanza kwamba hii ni ya kwao. Tena ni kitu kilichoumbiwa safari, kwani kwa sukari na samli yake hukaa wiki nyingi bila friji. Zamani ilifungwa katika vikapu vidogo vya ukili, vilivyopumua na kubeba umbo la halua yenyewe. Sasa huwekwa kwenye vibakuli vya plastiki. Ajabu ni kwamba Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Mtu angetarajia wasusi wa ukili wapate kazi tena, kumbe plastiki ilibadili umbo tu.

Njia hii ya mizigo ni ya kale. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na papa mkavu, yakangoja pepo zigeuke, yakarudi na kusi yamebeba karafuu na boriti za mikoko. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika, na Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo, wengi wa Unguja na Pemba wakaenda Muscat na Kiswahili chao. Tangu hapo vikapu vimekuwa vikiwafuata.

Wale wa Ulaya, Marekani na Australia wana masharti yao. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri wa kawaida kuingiza nyama wala maziwa kutoka nchi kama zetu, Marekani hutaka kila chakula kitajwe kwa maofisa wa forodha, na Australia hukagua mbegu kwa jicho kali, jambo linaloutia ubuyu mashakani. Bi Mkubwa anayajua haya kuliko vijana wenye simu za bei, kwa sababu kila kilichowahi kutupwa uwanja wa ndege kilimuuma.

Kuna na mpelekaji. Siku hizi mtu kubebeshwa furushi asilolijua ni hatari, na hakuna wa kumlaumu anayekataa. Kwa hiyo mzigo hauzibwi mpaka msafiri aje auone. "Shikamoo Bi Mkubwa." "Marahaba mwanangu, karibu. Kaa hapa, fungua kimoja kimoja, onja ukitaka." Kijana hufungua, huonja, hupima kwa mzani wa kuning'iniza, na ndipo plasta inapopita juu ya makopo mbele ya macho yake.

Sasa fika uwanja wa ndege uone mbadala wake: vijikapu vya viungo vya watalii, mdalasini uliokauka mpaka haunuki, ubuyu wenye rangi nyingi kuliko iliki. Mwana hununua vitatu dakika za mwisho, akajiona katimiza wajibu. Wengine hawabebi hata hicho; hutuma pesa kwa simu na kumwambia nduguye ajitafutie. Pesa si mbaya, kodi za ng'ambo zinajulikana. Ila pesa hazimjui asiyestahamili pilipili.

Binti za Bi Mkubwa wote wanafanya kazi maofisini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga mzigo peke yake. Mwenye mama au bibi wa namna hii nyumbani na akae naye msimu huu wa embe, kabla masika hayajaondoa jua la kuanikia, aanze na achari.