Santuri ya Njozi na Masikio ya Ziwa

Kupenda wimbo ni jambo jepesi. Kutoa sababu ya kuupenda ni kazi. Mpenzi wa wimbo akiulizwa, aghalabu hujibu kuwa wimbo ni mtamu, kisha hunyamaza, kana kwamba utamu ni shahidi asiyestahili kuhojiwa. Mhakiki hana ruhusa ya kunyamaza hapo. Wajibu wake ni kuuliza utamu huo umetoka wapi, unampeleka msikilizaji wapi, na kama safari yenyewe ina faida. Swali hili huwa gumu zaidi pale wimbo unapokuwa wa njozi, yaani ule ambao sauti zake huchanganyika kama rangi za machweo, maneno yakazama ndani ya gitaa, na msikilizaji akabaki na hali ya moyo badala ya habari ya kusimulia.

Albamu ya kwanza ya bendi ya Sunburst, iitwayo Ave Africa, ni mfano mwema wa tatizo hili. Bendi hiyo ilistawi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanamuziki wake hawakuwa wa taifa moja: palikuwa na Watanzania, na palikuwa na wenzao wenye asili ya nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. James Mpungo alikuwa mwimbaji, na Hembi Flory Kongo mpiga gitaa. Albamu yao ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, na hawakutoa ya pili. Kwa muda wa miaka 40 santuri hiyo ilikuwa kitu cha kutafutwa na wachache. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London iliitoa upya, pamoja na nyimbo ambazo bendi ilizirekodi tangu mwaka 1973. Basi kazi iliyokuwa karibu kusahauliwa ikapata wasikilizaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa ilipofanywa, na ikapendwa kana kwamba ni ya jana.

Yafaa mapenzi hayo yapimwe, na mahali pa kuyapimia pasiwe London wala Dar es Salaam, bali pwani ya Ziwa Tanganyika, Kigoma na Ujiji. Sababu yake si ya upendeleo. Ziwa hilo limepakana na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tatu katika hizo ndizo zilizoshirikiana kuizaa santuri hii: watu kutoka Tanzania na Kongo, na studio ya Zambia. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa vitani mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924, ilifanya kazi miaka mingi ya kuchukua watu na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu ya Zambia. Kwa mtu wa pwani hiyo mchanganyiko wa lugha na mapigo si fasheni iliyozuliwa na wasanii. Ni hali ya sokoni na bandarini kila siku. Santuri ikishindwa mbele ya masikio kama hayo, sifa za mbali hazitaiokoa.

Jambo la kwanza lipendwalo katika Ave Africa ni sauti. Gitaa la umeme halipigwi ndani yake kwa namna moja tu ya dansi iliyozoeleka. Mara hulia kwa usafi kama gitaa la rumba, mara hukwaruza, mara huvutwa likaomboleza kama mtu asemaye akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Kinanda hulifuata kwa nyuma, na ngoma huyashika yote yasitawanyike. Namna hii ya muziki ilienea duniani kutoka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960, nayo huitwa saikedelia. Zambia iliipokea kwa shauku, vijana wa huko wakaunda muziki wao wa roki ujulikanao kama Zamrock, na bendi kama WITCH na Amanaz zikapata jina. Lakini njozi ya Sunburst si ya kulala. Ni njozi ya mtu aliyesimama, tena achezaye. Na hapo ndipo inapotofautiana na nyingi za ng'ambo, ambazo humtaka msikilizaji ajilaze na kufumba macho.

Hapa pana pingamizi la zamani, nalo halistahili kudharauliwa. Inasemwa kwamba sauti hizo ni za kuazima, na kwamba kuzipenda ni kupenda kivuli cha wengine. Pingamizi hilo liliwahi kuwa na nguvu ya amri. Mwaka 1969 Operesheni Vijana ilipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwezi Novemba wa mwaka huo huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Sunburst ilikulia katika hewa hiyo. Waliotoa amri hawakuwa wajinga. Taifa lililojitawala mwaka 1961 lilikuwa na haki ya kuogopa kwamba litapata bendera na kukosa sauti yake. Kosa lao lilikuwa katika kipimo. Walipima asili ya chombo, wasipime kazi iliyofanywa nacho. Kwa kipimo hicho hata dansi yote ingalianguka, maana gitaa halikuchongwa Ujiji wala Unguja. Kwa kipimo hicho hicho shairi lenyewe lingalitiwa mashakani, maana sehemu kubwa ya istilahi zake ina nasaba ya Kiarabu. Mwenye nyumba hulaumiwa kwa kuazima jembe akalilaza. Akilima, mavuno ni yake.

Je, Sunburst walilima? Masikio ya ziwa yaweza kujibu, kwa kuwa yana mafunzo ya aina tatu yanayohusu muziki wa namna hii.

Funzo la kwanza ni la lugha isiyoeleweka. Watu wa Kigoma wamesikiliza kwa vizazi nyimbo za Kilingala zivukazo kutoka ng'ambo ya pili, na wengi wamezicheza bila kuelewa maneno yake. Hawakuona aibu, wala hawakujidai kuelewa. Walijua kwamba sauti ya binadamu huanza kusema kabla ya maneno, kama mama abembelezavyo mtoto asiyejua lugha yoyote.

Funzo la pili ni la marudio. Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na tarika ya Kadiria imekuwa na mizizi hapo. Aliyewahi kusikia dhikri anajua jinsi neno moja likirudiwa mara nyingi linavyoacha kuwa habari na kuwa pumzi. Si halali kulinganisha ibada na burudani, na hapa hazilinganishwi. Lisemwalo ni hili tu: sikio lililozoea marudio halidanganyiki upesi. Hutambua marudio yanayopanda, na hutambua yanayozunguka kwa sababu mpigaji amekosa la kusema.

Funzo la tatu ni la usiku wa giza. Wavuvi wa dagaa wa ziwa hilo hungoja siku ambazo mwezi haupo, ndipo hutoka na taa zao, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za umeme wa betri na jua. Aliyesimama mwaloni huona nuru zimejipanga juu ya maji mfano wa mji uliozuka baharini, akastaajabu. Mvuvi hastaajabu. Yeye anajua kwamba nuru ile ni ya kumwita dagaa, na kwamba chini yake kuna wavu. Funzo hili ni la thamani kwa mhakiki. Uzuri unaovuta si kosa, lakini haumaliziki katika kuvuta. Hapana budi kuuliza: chini ya nuru kuna wavu gani, na wavu huo unakamata nini?

Katika Ave Africa jibu huanzia katika jina. Ave ni salamu ya Kilatini, na masikio ya Kigoma hayaioni kuwa ngeni. Wamisionari wa White Fathers walifika Ujiji mwaka 1879, na Wakatoliki wa pwani hiyo wameimba Ave kwa vizazi. Neno la kanisani limetolewa likapewa bara zima. Mtu aweza kuona kiburi katika tendo hilo, au aweza kuona adabu: kijana anaingia nyumbani mwa wakubwa, na kabla hajasema shida yake anaamkia. Adabu hiyo ndiyo inayoipa santuri uzito ambao gitaa peke yake lisingaliweza kuipa.

Uzito huo huonekana zaidi katika wimbo uitwao Enzi za Utumwani. Hapa mtihani wa Ujiji ni mkali. Mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Burton na Speke waliukuta katika shughuli hizo mwaka 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871 biashara ilikuwa ingali inaendelea. Mateka kutoka Manyema walivushwa ziwa wakaletwa Ujiji, na kutoka hapo wakaanza mwendo wa miguu kuelekea pwani. Wamo katika mji huo hadi leo watu ambao wazee wao waliletwa kwa nguvu, na wamo ambao wazee wao walihesabiwa katika upande wa wenye nguvu. Wanasalimiana kila asubuhi, na mambo mengine hayasemwi. Je, ni halali jambo la namna hiyo kuwekwa katika muziki wa njozi, lipigiwe gitaa na kuchezewa?

Mkali atasema si halali. Atasema kwamba utumwa unataka utenzi wenye beti nyingi, majina na tarehe, ili asiyejua ajue. Hoja yake ni njema kwa upande wa elimu. Wimbo wa dakika chache hauwezi kufanya kazi ya historia, na anayetaka habari za misafara asiende kuitafuta katika santuri. Lakini kuna kazi moja ambayo historia haiifanyi. Historia huliweka jambo mbali ili lionekane. Wimbo huliweka karibu ili liguswe. Mahali ambapo jambo halisemwi kwa sababu ya kuhifadhi ujirani, muziki waweza kuliingiza chumbani bila kumnyooshea mtu kidole. Watu wakalisikia pamoja, miguu ikienda, na kila mmoja akajua moyoni alilolijua siku zote. Hiyo si njozi ya kukimbia ukweli. Ni njozi ya aina ile ambayo mtu huamka nayo asubuhi akamtafuta wa kumweleza. Basi wavu umo chini ya nuru, na haukutoka mtupu.

Hata hivyo mapenzi yasifunike kasoro. Kasoro ya kwanza ni ya lugha. Bendi iliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mizani ya lugha hizo mbili haikulingana. Kiswahili chao kina ardhi chini yake. Jina kama Simba Anguruma linasimama kwa miguu yake lenyewe. Kiingereza, kama katika wimbo uitwao Let's Live Together, huelekea kwenye nasaha za jumla ambazo kijana yeyote wa ulimwengu wa wakati ule angaliweza kuzisema. Mwito wa kukaa pamoja si mbaya, ila haumwambii mtu wa Ujiji namna ya kukaa na jirani aliye naye. Kasoro ya pili ni kwamba kazi hii husomeka vibaya kwenye karatasi. Atakayeandika maneno yake na kuyahesabu vina ataona umaskini. Lakini kasoro hiyo ni nusu tu ya haki, maana wimbo haukuahidi kuwa shairi la kusomwa. Wanafunzi wa ushairi wamezoea kuuhukumu wimbo kwa maneno yake, kama kwamba sauti ni bahasha na barua imo ndani. Santuri hii huwafunza kwamba pengine bahasha ndiyo barua.

Kasoro ya tatu haimo katika santuri. Imo katika wapenzi wake. Kitu kilichopotea miaka 40 kikapatikana huonekana kitamu kwa sababu ya kupotea kwake. Na kitu kilichosifiwa ng'ambo huonekana chema nyumbani kwa sababu ya sifa hizo. Mapenzi ya namna ya kwanza ni ya mkusanyaji, na ya pili ni ya mwigaji. Yote mawili huondoka upesi, maana kitu hakipotei mara mbili na ng'ambo haisifu milele. Ni vema ikubaliwe bila kinyongo kwamba santuri ilirudi kwa njia ya London. Mkono ulioiokoa unastahili shukrani. Lakini shukrani si hukumu, na kazi ya kuamua kama Ave Africa ni mali ya fasihi na sanaa ya Waswahili haiwezi kukabidhiwa wageni, hata wawe wema namna gani.

Hukumu hiyo, ikitolewa kwa masikio ya ziwa, ni kwamba mapenzi ya wasikilizaji yana haki. Hayana haki kwa sababu ya ugeni wa gitaa, wala uchache wa santuri, wala majuto ya ujana wa watu wengine. Yana haki kwa sababu vijana wa nchi zilizozunguka maji mamoja waliazima nuru ya mbali, wakaiwasha katika usiku wao wenyewe, na chini yake wakatega wavu kwa jambo ambalo lilikuwa zito kwao na kwa baba zao. Walivua kidogo. Sahani moja ya santuri si shehena. Lakini mwaloni kila mtu ajua kwamba dagaa hupimwa kwa kisado baada ya kufika nchi kavu, wala haipimwi kwa wingi wa taa zilizowaka usiku.